Vichwa vya Kukodi

Mtu anayetaka habari ya upole akaitafute kwa mwingine. Mimi nilidanganywa na basi. Si dereva peke yake, si kondakta peke yake: basi zima, pamoja na viti vyake na watu waliovikalia, lilinidanganya mchana kweupe pale Mbarara, na siku yenyewe ndiyo ile ambayo sikuwa na hata saa moja ya kupoteza.

Dada yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, alinipigia simu Jumatano. Jina lake lilikuwa limetoka. Sisi tuliokimbia kutoka Kivu ya Kusini tunajua maana ya maneno hayo: nchi ya mbali imekubali kumpokea yeye na watoto wake, na tayari amepelekwa Kampala kwenye nyumba ambako watu husubiri ndege. Wangeruka Jumamosi. Wageni waliruhusiwa Ijumaa tu, mwisho saa kumi na moja jioni, baada ya hapo geti linafungwa na hakuna mjadala. Miaka yote yeye alikuwa kambi nyingine, kule juu, mimi nikiwa hapa Nakivale, na tangu tuvuke mpaka tulikuwa tumeonana mara mbili. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kutoka kwetu mpaka ziwani, mimi nikiwa na homa, yeye mwenyewe akiwa msichana mwembamba kama fimbo. Aliniuliza kama nitakuja. Nikamwambia swali gani hilo, nitakuja hata kwa magoti.

Sasa likaja suala la saa. Kutoka Alhamisi nikalale mjini haikuwezekana, maana Alhamisi ilikuwa siku yetu ya kuweka kidole kwenye mashine ili tupate chakula, na kidole huwezi kumwachia jirani akuwekee. Kwa hiyo ilikuwa Ijumaa ileile, na hapo uani kwetu kila mtu akawa fundi wa safari. Mume wangu alisema nitoke saa kumi alfajiri niwahi basi la kwanza Mbarara. Nikamuuliza, nitatoka hapa na gari gani saa kumi, la babako? Jirani yetu Mrundi, mzee mmoja asiyekosa maoni, alisema mabasi ya mapema yanaokota watu kila fasi, kwa hiyo nisubiri la saa tatu, lile halisimami ovyo. Nikawaambia wote wanyamaze. Mimi ni mtoto wa ziwa, nikasema, hakuna atakayenifundisha saa ya kupanda chombo.

Na kweli nilifundishwa. Baba yangu alikuwa akisafiri na maboti ya Tanganyika, anapeleka sabuni na chumvi kutoka Uvira mpaka Kalemie, na jambo hili alitufundisha kama wengine wanavyofundisha watoto sala. Boti la kwetu halikuwa na saa, lilikuwa na watu. Ukipanda lingali tupu, utakaa juani mpaka ngozi ibabuke. Ukichelewa, utasafiri juu ya magunia ya watu au utaachwa. Baba alikuwa anasimama ufukweni, ananunua muwa, anautafuna taratibu huku akihesabu vichwa vya waliokwisha kupanda. Vichwa vikipita nusu kuelekea kujaa, anatupa maganda, anapanda, na haupiti muda injini inawashwa. Hakuwahi kuachwa hata mara moja. Alikuwa akituambia tusitazame saa, tuhesabu vichwa.

Nilifika stendi ya Mbarara saa moja na nusu asubuhi, na mfuko wangu wa ndagala waliokaushwa, wale dagaa wadogo anaowapenda yaya. Basi la kwanza lilikuwa limeondoka. Yalibaki mawili ya Kampala. Moja jeupe, kwenye ubao wameandika saa tatu, na ndani nikahesabu vichwa vinane tu, vimetawanyika kama mahindi yaliyoota vibaya. La pili la kijani, halina ubao wowote, lakini vichwa vilikuwa vimeenea mpaka dirisha la nyuma. Mwanamume anasoma gazeti. Mama na mtoto mapajani. Babu amevaa kofia. Mpiga debe mlangoni anapiga kelele, "Kampala, Kampala, nabaki wawili, naenda saa hii!"

Sikuwa na muwa, lakini nilifanya alivyofanya baba. Nilisimama, nikahesabu, nikarudia. Halafu nikapanda la kijani, nikakata tiketi, nikajiona mwerevu kuliko mji mzima.

Kiti changu kilikuwa karibu na dirisha. Pembeni yangu alikaa mama mmoja Mrundi, mtu wa makamo, rozari shingoni na sweta ya buluu. Tulipatana haraka. Alisema amepanga chumba Nyamityobora, hapohapo mjini, na kwamba anakwenda Kampala kumwona mkwe wake aliyejifungua. Nikamweleza habari ya yaya, geti na saa kumi na moja. Akanishika mkono. Akanipa njugu, tukala pamoja. Kisha akasema, dada, tuiombee safari hii, akafanya ishara ya msalaba, akaomba kwa sauti kabisa: barabara, magurudumu, dereva, mpaka na yaya wangu akamtaja. Nikaitikia amina ya nguvu.

Baada ya amina akasema anashuka kununua maji.

Mwenye gazeti naye akashuka. Babu wa kofia akashuka, anajinyoosha mgongo. Mama mwenye mtoto akasema mtoto anataka kukojoa. Walitoka mmoja mmoja, bila haraka, na mimi nikawa nawasikitikia, nikasema moyoni hawa wataachwa bure. Saa tatu kamili lile basi jeupe likawasha injini, likatoka na viti vitupu vyake, likapita mbele ya dirisha langu likielekea Kampala. Nikageuka kutazama ndani ya letu. Tulikuwa tumebaki watu kumi na mmoja.

Nikamwita kondakta. Nikamuuliza wale abiria wako wapi. Akasema, "Nakuja, nyabo, usijali," akimaanisha wanakuja, mama. Nikamwambia nataka kushuka, anirudishie nauli yangu nitafute njia nyingine. Akasema tiketi ikishakatwa hairudi, na nauli ya pili mimi sikuwa nayo; akaenda zake anapiga mluzi. Mluzi! Mama yangu wee, mkono wangu ulitamani shavu lake.

Ndipo nikawaona. Nyuma yetu lilikuwa limeingia basi lingine, la njia ya Kabale, na kwenye dirisha la tatu mwenye gazeti alikuwa anasoma gazeti lake, ukurasa uleule. Babu wa kofia alikuwa amekaa mbele. Na mama wa rozari, aliyeombea barabara na magurudumu, alikuwa anamenya njugu.

Nilishuka kwenye lile la kijani kama maji ya mvua. Nikapanda lile la Kabale, nikamsimamia yule mama wa rozari.

"Mama, wewe si ulikuwa unaenda Kampala?"

Hakushtuka hata kidogo. "Kampala nitaenda siku nyingine," akasema.

"Na mkwe wako?"

"Mkwe wangu yuko Burundi, ni mzima."

"Sasa uliomba nini? Ulimwomba Mungu safari gani, wewe mtu mzima?"

"Niliomba ya kwako," akasema. "Unafikiri Mungu hakusikia?"

Akanieleza bila aibu, kama mtu anayeeleza kazi ya ushonaji. Basi likianza kupakia, wao wanaingia ili lionekane karibu kujaa, maana hakuna mtu anayependa kupanda basi tupu. Watu wa kweli wakiingia, wao wanashuka polepole, wanakwenda kukalia lingine. Wanakuwa kwenye basi la Kampala, la Kabale, la Kasese, siku nzima, na hawajafika hata daraja la Rwizi hapo chini ya mji. "Hapa tunaitwa vichwa," akasema. "Mimi ni kichwa mwaka wa pili sasa."

Nilimtukana. Sitaki kuandika yote niliyosema, ila nilimwambia ni mwongo, mnafiki, mwizi wa saa za watu, na kwamba ile rozari aivue ampe mwenye haya. Watu wakaanza kutazama. Mwenye gazeti akajificha nyuma ya gazeti. Yeye alinisubiri nimalize, akajipangusa maganda ya njugu kwenye sketi.

"Umemaliza? Sasa na mimi nikuulize. Tangu umekaa pale dirishani, wameingia watu wangapi? Uliwaona. Wale walikutazama wewe. Walisema, yule mama na mfuko wake anasafiri, basi hii inaenda. Mimi wananipa chai na chapati. Wewe unawafanyia bure."

Nikarudi kwenye kiti changu. Nilikasirika kwa sababu alinidanganya, na nikakasirika zaidi kwa sababu mwenye aibu pale alionekana ni mimi. Tena nilimkasirikia baba, Mungu amrehemu, na muwa wake. Ziwani hakuna mtu aliyewahi kukodi kichwa.

Saa nne na nusu yaya akapiga simu. "Uko fasi gani?"

"Niko njiani," nikasema. Basi lilikuwa halijasogea hata unyayo.

"Mi nimeweka kiti karibu na geti," akasema. "Watoto nimewaambia mama mudogo anakuja. Usiharakishe dereva, barabara ni mubaya."

Nikakata simu nikapiga hesabu. Kutoka Mbarara mpaka Kampala, na msongamano wa kuingia mjini, na pikipiki ya kunifikisha getini: tukiondoka kabla ya saa sita, nitamwona. Tukivuka saa sita, basi tena. Ndege itaondoka naye, na mimi mwenye kadi ya kambi sijui ni nani atakayenipeleka huko alikokwenda. Nikamuuliza kondakta wamebaki wangapi ili tujae. Kumi na wawili, akasema, na safari hii nikamwamini kwa sababu hakutabasamu.

Upande wa pili basi jeupe jingine lilikuwa limeingia, ubao wake umeandikwa saa tano. Injini ilishawashwa.

Hapo ndipo alipokuja mama mmoja aliyevaa gomesi, lile gauni refu la heshima la Waganda. Alikuwa amejifunga mshipi vizuri, mkeka umekunjwa kwapani, viatu mkononi kwa sababu ya tope la stendi. Alikuwa anaelekea moja kwa moja kwenye basi jeupe. Alinisikia nikimsemesha kondakta Kiswahili, akasimama chini ya dirisha langu. Baadaye aliniambia kwamba ni mjane wa askari, aliishi Makenke miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi ya jeshi, kifupi, hakina mapambo.

"Nyabo, hii gari naenda saa hii?" akauliza. "Mimi naenda Masaka. Senga wangu alikufa, yule alinikuza. Nazika saa nane."

Senga ni shangazi, hilo nalijua, nimekaa Uganda vya kutosha. Nilimtazama. Nikatazama basi jeupe nyuma ya bega lake, dereva ameshakaa, anarekebisha kioo. Nilijua vizuri. Asije mtu akasema sikujua.

"Sasa hivi, mama," nikamwambia. "Tumebaki wawili tu. Panda, hiki kiti hapa kiko wazi."

Akapanda. Akakaa mahali pa yule Mrundi wa rozari, akashukuru. Watu wawili waliokuwa nyuma yake walipoona gomesi inapanda na mkeka wake, nao wakapanda. Basi jeupe likaondoka saa tano, dakika ileile iliyoandikwa.

Ningesema niliacha hapo, ningekuwa mwongo wa mara mbili. Nilitoa kichwa dirishani nikaendelea. Kijana na begi: sasa hivi, kaka, twende. Mwanamke na sanduku la vifaranga: sasa hivi, dada, kuna nafasi ya vifaranga pia. Sauti yangu ilikuwa nzuri kuliko ya mpiga debe kwa sababu ilikuwa na uchungu wa kweli ndani yake, na watu wanausikia uchungu. Kondakta alisimama chini ananitazama, mikono kiunoni. Akaniletea soda, mimi sikuagiza.

"Nyabo, wewe ni fundi," akasema. "Ukirudi kutoka Kampala nitafute. Nitakupa kazi."

Nikamwambia soda akamnyweshe babake, na kazi akampe mamake. Akacheka. Alinicheka mimi, yule mtoto wa ovyo, na mimi nikaendelea kutoa kichwa dirishani.

Pembeni yangu mama wa gomesi aliuliza mara ya kwanza: "Bado?" Nikasema bado kidogo. Akauliza mara ya pili, ya tatu. Alikuwa anatazama simu yake ndogo, anairudisha kifuani. Hakulalamika. Afadhali angelalamika, ningepata pa kushika. Tuliondoka saa sita kasoro dakika kumi, viti vyote vimejaa watu wa kweli.

Njiani nilimweleza habari ya yaya na geti la saa kumi na moja. Nilihesabu vijiji. Tulipopita Lyantonde ilikuwa saa saba na nusu, na yeye akaacha kutazama simu. Saa nane na kidogo ikalia. Nilisikia sauti ya mwanamume upande wa pili, yeye anajibu kwa lugha yao, maneno machache, kisha akanigeukia kama mtu anayeomba ruhusa.

"Wanasema mchungaji alikataa kungoja. Ako na mazishi ingine. Wataniwekea simu nisikie."

Redio ya basi ilikuwa inapiga muziki wa harusi. Nikasimama nikapiga kelele mpaka dereva akaruka: "Zima redio hiyo! Mtu anazika hapa!" Redio ikazimwa. Basi zima likanyamaza, hata vifaranga sijui ilikuwaje. Yeye akaweka simu mapajani, sauti juu, juu ya gomesi yake safi, tukasikia wimbo wa kanisa ukiimbwa na watu walio mbali na simu. Aliufuata kwa midomo tu. Halafu wimbo ukaisha na tukasikia koleo. Udongo wa kwanza ulisikika vizuri, ulianguka juu ya mbao. Wa baadaye ulisikika kidogo kidogo.

Simu ikakatika. Akaifunga kwenye leso.

"Hawa watu wa stendi ni wabaya," akasema. "Mimi nilikuuliza, na wewe uliniambia vile walikuambia. Hata wewe walikudanganya, nyabo."

Kila neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Mimi ninayegombana na wauza nyanya, na wenye mizani, na mume wangu, na Mungu wakati mwingine.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Walinidanganya."

Masaka alishuka na mkeka wake. Akiwa chini, akagonga dirisha kwa vidole, nikafungua. "Dada yako, saa kumi na moja, sindiyo?" akasema. "Mungu akufikishe kabla hawajafunga."

Nilifika saa kumi na dakika arobaini. Mlinzi alinisachi, akazuia ndagala, akaandika jina langu taratibu kama mtu anayejifunza herufi, nami nikamuuliza kalamu yake ina ugonjwa gani. Yaya alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, nywele zimesukwa upya, uso wake umeanza kufanana na wa mama yetu. Tulishikana. Watoto wake walinizunguka, wakubwa, sikumtambua hata mmoja.

Kisha akaniuliza kwa nini nimechelewa hivyo, na moto wangu ukawaka tena. Nikamsimulia. Nikaigiza mwenye gazeti, nikamwigiza babu wa kofia, nikaomba ile sala ya Mrundi na magurudumu yake, nikawatukana vichwa wote wa Mbarara mmoja mmoja, na yaya alicheka mpaka akashika mbavu, anajifuta machozi kwa kitenge, anasema haujabadilika, weye, haujabadilika hata kidogo. Dakika zetu karibu zote zilikwenda humo. Nilipenda anavyocheka, nikaongeza matusi.

Mlinzi akaanza kusukuma geti. Yaya alikuwa bado amenishika mikono yote miwili.

"Sasa ile basi, mwisho ilijaa namna gani?"

"Watu walikuja," nikamwambia.